Shingo ya Muhogo

Mwanamke wa Chakol hanunui muhogo kwa macho. Anaushika kwa mikono miwili, anakwangua ganda kwa ukucha pale juu, mzizi ulipokuwa umeshikana na mti, anauma hapo, anatafuna kidogo, anatema. Mahali hapo ndipo tunapopaita shingo. Uso ukimkunjamana, ananunua. Usipomkunjamana, anaurudisha muhogo guniani na kumwambia muuzaji awapelekee watoto wa shule.

Mgeni akiona hayo hudhani macho yake yanamdanganya. Lakini kwetu huku Busia muhogo mchungu ndio muhogo. Unamenywa, unakatwa, unavundikwa chini ya majani ya migomba mpaka uote ukungu, unakwanguliwa, unaanikwa juu ya mwamba, kisha unapelekwa kusagwa pamoja na mtama. Sumu yote imeshaachwa njiani. Ugali wake ni mzito, unashikamana, na mtu aliyeula hatafuti kitu kingine hadi jioni. Muhogo mtamu ni wa kuchemsha na kunywea chai, chakula cha wageni na watoto. Fuko anaupenda mtamu. Mwizi naye anaupenda. Mchungu waweza kuuacha ardhini kando ya njia, ukaenda matanga Malaba, ukakaa huko utakavyo, ukarudi ukaukuta.

Naanza na shingo kwa sababu ndiyo iliyonigombanisha na watu wa nchi nyingi ambao sijawahi kuwashika mkono, na mwishowe ikanigombanisha na mama yangu. Watu husema mimi ni mkali. Sawa. Soma kwanza, halafu uniambie ni wapi ningepaswa kuwa mpole.

Muhogo wa mama ulitoka kwao, karibu na mto Malaba. Mwaka uliofuata harusi yake, shangazi yake alifika na mzigo wa vijiti kichwani, akauweka chini hata kabla ya kusalimia, akasema nyumba isiyo na muhogo wake ni nyumba ya kuombaomba. Mama akavipanda kwenye kona ya shamba karibu na kichuguu. Vikonyo vya majani yake vilikuwa vyekundu, na shina likiwa changa lilikuwa na rangi ya zambarau kwa mbali. Huo ndio uliotulea. Sijui jina lake. Nyumbani tuliuita tu muhogo, na mingine yote ndiyo iliyokuwa na majina.

Kisha ukaja ugonjwa wa michirizi. Ugonjwa huu una hila: juu mmea unaonekana mzima, lakini ukiupasua mzizi unakuta madoa ya kahawia, umekauka na kuoza kwa pamoja, hata ng'ombe hautaki. Watu wa kilimo wakapita kata kwa kata wakisema ng'oeni, chomeni, msipeane vijiti. Busibwabo wakang'oa, Chakol wakang'oa, mama yangu akakataa. Akasimama mbele ya kona yake na panga mkononi, si kwa vita, alikuwa akikata nyasi, lakini wale vijana wa kilimo hawakusogea zaidi. Wakanipigia mimi simu.

Mimi ndiye mtoto aliyesomea mimea. Mama alikuwa akiniita karani wa majani, na alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni kwa majivuno aliyoyaficha vibaya. Nikaenda nikamweleza. Shamba la majaribio lilikuwa likikusanya aina za muhogo za huku kwetu ili lizisafishe: wanakata ncha ndogo sana ya mmea, wanaikuza ndani ya chupa, ugonjwa unabaki nyuma, na mmea unatoka mzima. Vijiti vyake vingeenda huko kwa mkono wangu mwenyewe.

"Halafu itarudi?" akaniuliza.

"Itarudi, mama. Safi."

"Wewe ndio unasema, ama ni hao?"

"Ni mimi."

Akachoma yote siku ile ile. Mama yangu akikubali jambo hulikubali lote. Ile kona akailima, akaiacha wazi ingoje mwenyewe. Msimu wa mvua ukaja, jirani akamshauri aweke maharagwe kwa muda, akamjibu kwamba kiti cha mtu aliyeenda msalani hakikaliwi.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila hiyo utadhani nilikuwa nikikaa bure mjini Busia, mpakani na Uganda.

Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya malori. Mwenye duka, mzee Mwislamu mwenye adabu nyingi, aliniuliza mwaka mzima ni biashara gani hii isiyo na wateja. Nilimwambia nafanya kazi ya majina. Watu wa mpunga wana jina lao la suke, watu wa mtama wana lao, watu wa mahindi wana lao. Sehemu ileile ya mmea, kazi ileile, majina kumi. Binadamu anaelewa, kompyuta haielewi. Basi watu wa mimea duniani wakakubaliana kuwa na msamiati mmoja wa pamoja. Kila sehemu ya mmea na kila tabia yake ina jina moja, namba moja na maana moja, na kila jina linajua limetoka tumbo gani: kikonyo ni sehemu ya jani, jani ni sehemu ya shina na matawi yake, na kuendelea. Wenyewe wanauita ontolojia. Kazi yangu, kwenye mradi wa nchi nyingi uliokuwa na lile shamba la majaribio, ilikuwa kuchukua vipimo vya mashambani na jeni zilizosomwa maabara na kuvibandika lebo za msamiati huo.

Wazo hili ni zuri, na nitalitetea hata leo nikiwa na hasira hii. Chukua mtama. Kila mtoto wa Teso anajua kwamba ng'ombe akila mtama mchanga baada ya kiangazi anaweza kufa papo hapo. Kuna jeni ndani ya mtama inayofanya kazi hiyo ya sumu. Muhogo nao una jeni iliyo ndugu wa ile, nasaba ya mbali lakini sura haipotei. Zikibandikwa lebo moja, mtafiti aliye upande wa pili wa dunia anauliza swali moja na kupata majibu ya mimea yote miwili. Siku niliyoziona zimesimama pamoja kwenye kioo cha kompyuta, mtama na muhogo, nilicheka peke yangu. Kwa mama zilikuwa zimekutana zamani, kwenye mashine ya kusaga.

Mwenye duka alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hivyo wewe, dada, unawapa watu vitambulisho." Nikamwambia ndiyo. Akasema basi niwe mwangalifu, maana hapa mpakani mtu akiandikiwa kitambulisho vibaya hafiki popote. Nilidhani anatania.

Siku ya kuonja ndiyo siku mambo yalipoharibika, nami nilikuwepo.

Shamba la majaribio lilikuwa na mihogo ya huku kwetu iliyokusanywa, wa mama ukiwa miongoni mwake, umeshasafishwa, umepandwa, umekomaa. Mradi ulitaka ladha ya kila mmoja. Utaratibu ulitoka kwa mkuu wa mradi, mtu wa ng'ambo, na ulikuwa uleule kwa nchi zote: tafuna kipande kibichi cha mzizi, toa alama, kuanzia usio na uchungu hadi mchungu sana. Wakaletwa akina mama wa soko la Chakol, wanunuzi wenye ulimi uliokomaa. Mizizi ikapangwa kwenye meza, imeoshwa.

Nao wakafanya walichofanya maisha yao yote. Wakauma shingo.

Shingo ya muhogo ni chungu kuliko tumbo lake. Ndiyo maana wanunuzi huuma hapo: ikiwa hata shingo haina kitu, huo si muhogo wa unga. Utaratibu ulisema "mzizi". Kule kwingine, kama nilivyokuja kujua, watu walikata kipande cha katikati. Kwetu hakuna aliyewahi kuonja muhogo katikati, labda mtoto mwenye njaa.

Nikamwita msimamizi wa shamba, kijana wa Busibwabo, mpole, shati lake limepigwa pasi hadi kola. Nikamwambia waelekezwe waume katikati. Akawaambia. Wakaitikia vizuri, "Sawa boss," wakauma katikati mbele yake, kisha alipogeuka wakauma shingo na kutoa alama ya shingo. Mama mmoja aliniona namtazama, akanicheka.

"Hiyo ya katikati ni ya kudanganya watu, mwanangu. Unataka ukweli ama unataka uwongo?"

"Nataka mfuate vile imeandikwa."

"Aliyeandika amewahi kupika ugali?"

Wenzake wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Nami nilicheka. Hawakuwa wakimhujumu mtu. Walikuwa wamekuja kusaidia, na walitoa kile walichoona ni bora zaidi kuliko walichoombwa. Ule wa mama ulipofika mezani, aliyeuonja aliukunjia uso mpaka macho yakajifumba, akatema, akaupiga kofi la mapenzi kama mtu anayemsifu ng'ombe. Akaupa alama ya juu kabisa. Kwake hiyo ilikuwa zawadi.

"Hizi alama haziwezi kuwekwa pamoja na za kwingine," nikamwambia msimamizi.

"Mzizi si ni mzizi tu, dada," akasema. "Andika maoni pale chini."

Nikaandika maoni. Niliyaandika marefu na wazi: mahali palipoumwa, sababu yake, na onyo kwamba alama za Busia zitaonekana kali kuliko zilivyo. Nikayatuma pamoja na data. Jambo ambalo mtu wa kazi yangu analijua kuliko wote ni hili: kompyuta haisomi maoni. Kompyuta inasoma lebo.

Kwa hivyo nikapigania lebo. Tulikuwa na mikutano ya mtandaoni ambamo maneno mapya yalijadiliwa na ya zamani kuunganishwa. Nilikaa pale juu ya vipuri, dirisha limefungwa kwa sababu ya kelele za malori, simu ikinikaribisha Uganda kila mara kana kwamba nimehama bila kujua. Siku hiyo mkuu wa mradi alileta pendekezo. Kupima sumu yenyewe ni kazi ngumu na vituo vingi havikuwa na vifaa vya kupimia. Uchungu na sumu mara nyingi huenda pamoja. Basi pale ambapo sumu haikupimwa, uchungu uhesabiwe kuwa ishara yake, mmea ubandikwe lebo ya sumu nyingi, na lebo hiyo iunganishwe na zile jeni ndugu za mtama na muhogo.

Nikafungua maikrofoni. Nikasema "mara nyingi" si "kila mara". Iko mihogo michungu isiyo na sumu ya kutisha. Nikasema alama za kwetu ni za shingo. Nikasema kabla hatujaunganisha chochote, tuongeze neno moja kwenye msamiati, shingo ya mzizi, liwe sehemu ya mzizi wa akiba, ule unaoliwa, ili alama zetu zikae mahali pake na zisichanganywe na za watu wengine. Nilikuwa nimeshaandika hata maana yake.

Mkuu alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa heshima, hakuwahi kuniinulia sauti, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwa sababu mtu akikufokea unaweza kufoka.

"Hoja nzuri sana," akasema.

Kisha akaeleza kwamba msamiati ni wa mimea yote, kwamba kila neno jipya ni mzigo kwa wote, na kwamba neno la pamoja lazima liwe na wenyewe zaidi ya mmoja. Je, nani mwingine ana shingo? Nikasema kiazi kitamu kinayo. Akasema hoja nzuri sana tena. Akasema neno hili ni la mtaa mno kwa sasa, liwekwe kwa toleo lijalo. Akauliza kama kuna mwenye neno. Kulikuwa na nyuso nyingi kwenye kioo kile. Baadhi yao nilikuwa nimewasaidia usiku na mchana. Wakanyamaza, na katika mikutano ile kunyamaza ni kukubali.

Nimejifunza kwamba ukiambiwa hoja yako ni nzuri sana, umeshazikwa, wanatafuta tu maua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu. Aliyevunjika guu ni mama yangu.

Wengine huniambia ningeacha kazi siku hiyo, ningepiga kelele, ningeenda shambani nikachukue vijiti vya mama kwa nguvu. Ni rahisi kusema. Mimi nilijua lebo imewekwa vibaya. Sikujua kuna mtu ataichukua lebo na kwenda nayo shambani na jembe. Lebo zilikuwa za kuuliza maswali. Hakuna aliyeniambia zilikuwa za kutoa hukumu, na sitaomba msamaha kwa jambo nililopinga kwa mdomo wangu mbele ya mashahidi.

Mvua za masika zilipoanza, mama alianza kunipigia simu. Hakuuliza moja kwa moja. Aliuliza kama huko Busia kumeanza kunyesha, kama najua kwamba ardhi karibu na kichuguu imeshalowa, kama nina nafasi wikendi. Nikaenda shamba la majaribio kuchukua vijiti vyake.

Mahali ilipokuwa mihogo ya huku kwetu palikuwa pamelimwa, mistari mipya, majani machanga ya kijani kibichi. Nilidhani nimepotea njia. Msimamizi akaja akinisalimia kwa furaha.

"Ile ya hapa ilitolewa kitambo, dada. Sistemu iliiweka nyekundu."

"Ipi?"

"Yote ya Busia. Ilisema ina sumu. Nafasi ilihitajika, tukaambiwa tuondoe."

"Na chupa? Kule maabara?"

"Chupa pia zilimwagwa."

Nikamwuliza kama kuna mtu aliyepima sumu yenyewe hata kwa mzizi mmoja. Akasema haikuwa na haja, sistemu ilikuwa ishasema. Nikamwuliza kama alisoma maoni yangu. Akasema yeye hupata rangi tu, nyekundu, njano, kijani. Nikamwuliza alilelewa na ugali gani. Akaanza kucheka, akaacha.

"Huo huo," akasema.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo pia linanichoma. Ningempata mtu mbaya mmoja tu katika habari hii yote ningelala vizuri. Akaenda akanifungia mzigo wa vijiti vya aina mpya, mitamu, yenye afya, rangi ya kijani kwenye sistemu. Akaufunga kwa kamba mpya ya sisali. "Mpelekee mama," akasema, na alimaanisha wema.

Nilipofika nyumbani kwa bodaboda, mama aliuona ule mzigo toka mbali. Akatoka jikoni akifuta mikono kwenye leso, anakuja mbio, mtu aliyekuwa akilalamika magoti kila siku. Akaupokea mzigo kabla sijashuka. Akavuta kijiti kimoja, akakigeuza, akatazama macho yake ya kuchipua na rangi yake, akakikwangua kwa ukucha, akakinusa.

"Hii si yangu."

"Mama, hebu tuketi."

"Yangu wamepea nani?"

"Hawajapea mtu. Waling'oa."

"Ilikuwa bado inaumwa?"

"Hapana. Ilikuwa imepona. Ilikuwa safi kabisa."

"Sasa kwa nini?"

"Waliandika kwamba ina sumu."

Akanitazama kama mtu anayesubiri maneno mengine yafuate.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Mama..."

"Nakuuliza. Nililisha nyinyi na hiyo. Nililisha matanga ya baba yako na hiyo, watu wamejaa hapa mpaka barabarani, wengine walikuja toka Osieko, huko ziwani, na samaki wao wakasema hawajawahi kula ugali kama huo. Nani alikufa?"

Nilijaribu kumweleza habari ya shingo. Nilieleza siku ya kuonja, mkutano, neno lililokataliwa. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alisema jambo moja: yeye alichoma kwa sababu nilimwambia achome. Kisha akaingia jikoni, na vijiti vikabaki uani.

Nilitafuta. Nilienda kwao mama karibu na mto; walikuwa wameng'oa wote, watu watiifu. Nilivuka mto Malaba hadi upande wa Uganda, nikauliza kwa jamaa ambao hatujaonana tangu nikiwa mtoto, nikarudi na mizizi ya kila muhogo wenye kikonyo chekundu niliouona. Nilimletea mama. Akaipokea mmoja mmoja, akauma shingo, akatema. "Hii ni ya watu wengine," akasema. Ukafuata mwingine. "Hii pia." Sikumbuki siku niliyomwona mama amechoka zaidi ya siku ile. Jirani naye akaanza kusema chini chini kwamba karani wa majani aliuza muhogo wa mamake Uganda. Mama hakuniambia kwamba anaamini, wala hakuniambia kwamba haamini.

Ile mitamu ya shamba la majaribio aliipanda mwishowe, kwa kuwa hawezi kuona kijiti kikikauka. Lakini aliipanda kando ya barabara, mbali na kichuguu. Fuko wakala sehemu yao, wapita njia wakala yao.

Mwaka jana neno likakubaliwa. Watu wa nchi nyingine, wa kiazi kitamu, walikuwa wamepata shida ileile, na sasa neno likawa na wenyewe zaidi ya mmoja. Shingo ya mzizi: sehemu ya mzizi wa akiba inayouunganisha na shina. Maana niliyoiandika mimi haikubadilishwa hata nukta. Alama za Busia zikahamishiwa mahali pake, ile ishara ya sumu ikaondolewa, rangi nyekundu ikawa kijani. Mkuu aliniandikia barua pepe ya pongezi. Alisema uvumilivu wangu umeifaa jamii nzima ya watafiti. Niliisoma nikiwa nimesimama, na sikuijibu. Watu wa duka la vipuri huko chini walikuwa wakigonga chuma, nami nilitamani kushuka nikagonge nao.

Wikendi hiyo nilienda nyumbani na kompyuta yangu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka mtu mmoja mwenye haki ya kujua ajue kwamba nilishinda.

Mama alikuwa amechemsha muhogo wa kando ya barabara. Akaniwekea sahani na chai, kama anavyowekewa mgeni, akaketi kwenye kigoda. Yeye hakula. Nikafungua kompyuta juu ya magoti yangu nikamwonyesha. Muhogo wake ulikuwa pale wote. Kulikuwa na picha ya jani na kikonyo chake chekundu, picha ya mzizi uliopasuliwa, mweupe, hauna doa. Chini yake zilipangwa jeni zake zote zilizosomwa maabara kabla hawajaung'oa, herufi kwa herufi, kila moja na lebo yake sahihi, na zile za sumu zimeunganishwa na ndugu zao wa mtama. Nikamweleza kwamba sasa mtu yeyote duniani akiuliza, anajibiwa kwamba muhogo huu hauna kosa. Nikamwonyesha neno shingo, nikamwambia hilo ni langu.

Akausogelea uso wake hadi karibu na kioo. Akaweka kidole kwenye picha, pale juu ya mzizi, kwenye shingo.

"Ni yenyewe," akasema.

"Ni yenyewe, mama."

"Iko yote?"

"Yote. Hakuna kitu kimebaki nje."

"Basi itoe."

Nikadhani anatania, nikamtazama. Hakuwa anatania. Nikamwambia haiwezi kutoka, ni maandishi tu, hakuna mtu anayeweza kupanda maandishi. Aliitikia polepole, akaondoa kidole. Akaniambia nile, muhogo unapoa. Kisha akainuka, akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaenda kwenye ile kona karibu na kichuguu kupalilia, na hapakuwa na kitu chochote cha kupaliliwa.